Unenwa, Kisiwa Kisicho na Mto

Anayetaka kukijua kisiwa cha Unenwa asianze na ramani, wala asiwaulize mabaharia. Aanze na kurasa tatu. Zimetundikwa nyuma ya kioo katika Jumba la Maelezo, hatua chache kutoka gatini, na kila mgeni hupelekwa kuzisoma kabla hajaruhusiwa kutazama kitu kingine chochote. Ukurasa wa kwanza ni Jiografia, wa pili Uchumi, wa tatu Utamaduni. Ziliandikwa miaka tisini iliyopita na bwana mmoja wa Dola Mlezi, yaani ile nchi kubwa ya mbali inayokimiliki kisiwa na kujiita mlezi wake. Bwana huyo alikuwa akipita tu. Meli ilitia nanga nusu siku. Tumbo lilikuwa linamsokota, hakushuka. Alikaa kwenye kiti cha sitaha, akatazama, akaandika, akalala. Wenyeji hawakuulizwa neno. Wapo watu Unenwa wanaoikumbuka tarehe ile kila mwaka, kama mtu anavyoikumbuka siku aliyopigwa kofi mbele ya watoto wake.

Fundi Nasibu Ngwali alizisoma kurasa zile akiwa amesimama, mfuko wa zana begani. Alikuwa mchimbaji visima kutoka bara, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye viganja vigumu kama ubao. Shule aliiacha darasa la nne. Mengine aliyoyajua aliyaokota kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari na misumari. Alikuwa ameitwa kwa barua yenye muhuri aje kuchimba kisima kimoja mahali panapoitwa Bonde la Kitojo, kazi ya mwezi, kisha arudi kwao.

Ukurasa wa kwanza ulisema hivi: Unenwa ni kisiwa kidogo chenye umbo la yai. Hakina mto. Sehemu ya kati haikaliwi na watu. Joto lake ni la kupendeza mwaka mzima.

Nasibu alikuwa akitetemeka. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu umetanda hadi kwenye mapaa, na upepo ulikuwa ukipenya kwenye mbavu.

"Umemaliza?" akauliza bwana mmoja nyuma yake. Alikuwa mwembamba, amevaa shati la mikono mifupi, na midomo imemgeuka rangi kwa baridi. Huyu ndiye Bwana Fumo, Mkuu wa Jiografia.

"Nimemaliza, mkuu. Ila wakati nashuka nimeona ardhi imechomoza kule magharibi. Yai gani hilo lenye kidole?"

"Pale ni baharini."

"Nimeona nyumba, mkuu."

"Umeona vyombo," akasema Bwana Fumo kwa upole, kama mwalimu anayemrudia mtoto mzito. "Wale wa Rasi, huko unakoita kidole, wote wana leseni za vyombo. Kila mmoja ametundika taa nyekundu mlangoni na boya ukutani. Asiyekuwa na boya anatozwa faini. Sheria iko wazi."

"Na hili koti langu?"

"Livue tu, fundi. Askari wa hali ya hewa ni vijana wakali. Ukitetemeka wakakuuliza, sema unacheza ngoma. Ukurasa wa tatu unaruhusu."

Basi Nasibu akavua koti lake, akalikunja mfukoni, akapita mjini akicheza.

Aliyoyaona njiani aliyasimulia baadaye kwa miaka mingi, na kila aliyemcheka alimwambia aende mwenyewe akaone. Ukurasa wa Uchumi ulisema kwamba wenyeji wa Unenwa huishi kwa kupiga mbizi kutafuta sifongo. Sifongo zile zilikufa zote zamani, mwaka ambao meli za Dola Mlezi zilisafisha matangi yao ya mafuta ghubani. Kilichobaki kisiwani ni michungwa, na michungwa ile inazaa hasa; inapenda baridi na ukungu. Lakini chungwa halikuandikwa. Haliwezi kupakiwa melini, maana kwa hesabu ya Jumba la Maelezo halikui Unenwa. Kwa hiyo kila asubuhi wanaume arobaini hujaza machungwa kwenye vikapu, huyazamisha baharini kwa mawe, huhesabu mpaka mia moja, kisha hupiga mbizi na kuyaibua. Karani anayesubiri ufukweni huandika: sifongo. Machungwa ya Unenwa yana ladha ya chumvi, na wanunuzi wa mbali huyasifu kwa ladha hiyo bila kujua imetoka wapi.

Na maji ya kunywa? Kwa kuwa kisiwa hakina mto, maji huletwa kwa meli ya Dola Mlezi, katika mapipa ya bati yenye lakiri. Nasibu aliwakuta kina mama wa mji wamepanga foleni mbele ya ghala, ndoo miguuni, wanaimba. Walikuwa wanaimba kwa sababu ukurasa wa tatu unasema wenyeji ni wachangamfu na hupenda kuimba wakiwa kazini. Askari alipita na kijitabu akiandika majina ya waliofumba midomo.

"Imba, dada, mbona umenuna?" askari akamwambia mama mmoja.

"Sijanuna. Natafuta sauti."

"Itafute upesi."

Bonde la Kitojo lilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini, nyuma ya mgongo wa kilima. Nasibu alipofika ukingoni akaweka mfuko chini. Mbele yake kulikuwa na nyumba sitini hivi, michungwa, migomba, moshi wa majiko. Katikati ya vyote hivyo mto ulikuwa ukipita, mpana kiasi cha mtu kushindwa kuuruka, unang'aa, unapiga kelele juu ya mawe kana kwamba una ugomvi nayo.

Mwanamke mmoja alikuwa akimngoja kwenye jiwe. Alikuwa mnene wa mabega, amejifunga kanga mbili na juu yake sweta la sufu, wazi kabisa, bila woga. Huyu ndiye Bi Kazija, ambaye watu wa bonde walimchagua awe msemaji wao baada ya kutoka kizuizini. Alifungwa siku tatu kwa kumlilia mumewe bila kibali. Unenwa, mtu akifiwa, huenda ofisi ya Utamaduni kuomba kibali cha huzuni, na kibali chenyewe huisha saa kumi alasiri. Bi Kazija alilia mpaka magharibi.

"Karibu, fundi. Umechoka?"

"Kidogo. Bi Kazija, samahani, huu ni nini?"

"Huu upi?"

"Huu unaopita hapa."

"Aa, huu? Huu ni umande," akasema Bi Kazija, na macho yake hayakucheka. "Tumeruhusiwa kukinga umande. Ndoo sita kwa kila nyumba. Babu yangu alikinga, mama yangu akakinga, na kaka yangu alizama ndani ya umande huu akiwa na miaka tisa. Kwenye cheti wakaandika amekufa kwa unyevu."

Nasibu alikaa chini. Aliuliza kwa nini basi wakaomba kisima, hatua ishirini kutoka kwenye mto.

Bi Kazija akamweleza. Maelezo hayajasema lolote kuhusu visima. Kisima kikichimbwa kwa kibali, kitaingia kwenye daftari, na penye kisima cha daftari lazima pawe na wanywaji. Hapo ndipo watu wa bonde wangeingia ndani ya Unenwa kupitia mlango wa nyuma. Alilipigia hesabu jambo hilo miaka miwili, akajaza fomu kwa mkono wake. Lakini fomu ilipokuwa njiani, habari nyingine ikafika: Dola Mlezi imekubali kampuni moja ijenge uwanja wa ndege katikati ya kisiwa. Bonde ni tambarare, ni kavu, na halina watu. Meli ya mashine ingeingia tarehe ishirini.

"Na leo tarehe ngapi?"

"Kumi. Keshokutwa kuna Kikao cha Sentensi. Hukaa mara moja kila miaka kumi. Sentensi moja ikitolewa kwenye kurasa, nyingine inaweza kuingia. Tunataka moja tu, fundi. Maneno sita: Katikati yake kuna mto na watu. Ikiingia, mashine hazishuki. Isipoingia, mwezi wa nane tutakuwa chini ya lami."

"Sasa si mwende mkaseme?"

"Mwenyeji haruhusiwi kutoa ushahidi juu ya kisiwa."

"Kwa nini?"

"Anakipenda. Wanasema mapenzi yanaharibu macho. Anayeshuhudia ni mgeni tu." Akamtazama usoni. "Nyumba sitini zinakunywa maji haya miaka mia mbili, na hakuna anayeweza kusema yapo. Wewe umefika leo saa tano. Wewe unaweza."

Nasibu akayatazama maji. Asubuhi ile, akiagana na Bwana Fumo, aliambiwa maneno mawili matatu ya kirafiki: kwamba visiwa vya Dola Mlezi viko saba, vyote vinahitaji visima, na fundi mwenye busara hukosa kazi akizeeka tu. Alielewa. Yeye alikuwa na wategemezi bara, na mgongo wake haukuwa wa miaka mingi tena. Akachukua maji kwa kiganja, akanywa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakamuuma.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini mie si msemaji."

"Wasemaji tunao wengi. Wamejaa kule mjini. Wewe sema ulichokunywa."

Kikao kilifanyika ndani ya Jumba la Maelezo. Utaratibu wake ni huu: kila sentensi katika zile kurasa tatu ina mlinzi wake, na mlinzi ana kiti, mshahara na kura. Sentensi ni thelathini na moja, kwa hiyo kura ni thelathini na moja. Watu hawana kura. Jambo ambalo halijaandikwa haliwezi kupiga kura juu ya lililoandikwa. Watu husimama nyuma, wakiwa wachangamfu.

Bi Kazija alipewa dakika tano. Hakupaza sauti. Alisema sentensi ya sifongo itolewe, kwa kuwa sifongo hazipo, na ya mto iingie, kwa kuwa mto upo.

Zogo likazuka. Mkuu wa Uchumi, mzee mwenye tumbo na pete, alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Huyu mama anataka kuua uchumi! Sifongo ndiyo uti wa mgongo wa Unenwa! Mwaka jana peke yake tumeibua sifongo elfu tisini!"

"Zilikuwa na maganda?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Askari wakageuka, kisha wakakumbuka kwamba kicheko kinaruhusiwa, wakasimama na hasira zao hawajui wazipeleke wapi.

Aliyeuliza alikuwa mnyapara wa wapiga mbizi, mtu mrefu aliyeziba masikio kwa pamba. "Niachieni niseme," akasema. "Miaka ishirini na sita nazamisha machungwa. Sikio hili halisikii, hili linasikia nusu. Watu wangu watatu wamebaki chini huko, wamekufa wakitafuta machungwa baharini. Jamani! Machungwa! Yako juu ya mti, mkono unafika!"

"Mwenyeji huyo," akasema Bwana Fumo bila kuinua macho. "Hashuhudii. Mlete mgeni."

Nasibu akasogea mbele. Alieleza jina lake na kazi yake. Akasema ameona mto katika bonde, upana wake hatua nne, kina chake katikati kinafika kifuani, maji matamu, na kwamba hawezi kuchimba kisima pale kwa sababu ni kama kuchimba choo ndani ya bahari. Watu nyuma wakanyoosha shingo. Hata wale walinzi wa sentensi ndogo ndogo, wa kofia za ukindu na wa machweo mazuri, walitazamana.

Bwana Fumo akatabasamu. Akatoa karatasi kwenye jalada.

"Fundi, umeitwa Unenwa kufanya nini?"

"Kuchimba kisima."

"Katika uzoefu wako, watu huomba kisima mahali penye mto?"

"La. Lakini hapa..."

"Asante. Na fomu hii, ya maombi ya kisima, tusomeane." Akaiinua ili wote waione. "Swali la nne: Je, mahali hapo pana maji? Jibu: Hapana. Chini kuna sahihi. Bi Kazija, hii sahihi ni ya nani?"

Bi Kazija alisimama. Ile fomu ilikuwa imepigwa chapa na jibu moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kuandika jingine. Kila mwenyeji alijua hivyo. Kila mwenyeji alishawahi kusaini fomu ya namna hiyo, akijiambia ni karatasi tu.

"Ni yangu," akasema.

"Mwenyeji hashuhudii kwa mdomo," Bwana Fumo akawaeleza walinzi, "ila kwa sahihi anashuhudia dhidi yake mwenyewe. Sheria iko wazi."

Kura zilikuwa thelathini na moja kwa sifuri. Nasibu aliambiwa kwamba kibali chake kimefutwa, apande meli itakayoondoka baada ya ile ya tarehe ishirini, na asitie mguu tena katika kisiwa chochote cha Dola Mlezi.

Nje, Bi Kazija alikaa kwenye ngazi za Jumba. Baridi ilikuwa kali na askari walikuwa wanalitazama sweta lake, lakini hakuna aliyethubutu kumvua.

"Nimewauza kwa mkono wangu," akasema. "Nilijiona mjanja. Nikaona nitaingia kwao kwa kupitia uongo wao. Mtu akishatia sahihi uongo mdogo, fundi, mkubwa unamsubiri mezani."

Nasibu alikaa kando yake. Mawazo yake yalikuwa kwenye kitu kingine kabisa. Alikuwa ametoa mfukoni uzi wake wa timazi, ule wa kupimia wima, kwa mazoea tu, kama wengine wanavyotoa tasbihi, na macho yake yalikuwa yanapanda taratibu kutoka gatini, kufuata barabara kuu, mpaka kwenye mgongo wa kilima, na kurudi.

"Bi Kazija. Mto wenu unamwagikia wapi?"

"Nyuma ya kisiwa, kwenye majabali. Ndiyo maana yule bwana wa kurasa hakuuona kutoka melini."

"Bonde liko juu ya mji. Ule mgongo ni udongo, si jiwe, nimeukanyaga." Akaukunja uzi. "Wale wanasoma. Maji hayasomi."

Bi Kazija akamtazama. Kisha akasimama, akapangusa kanga yake.

"Siku nane," akasema.

"Watu wangapi?"

"Mia tatu, ukihesabu wazee. Na sisi tunahesabu wazee."

Walianza kesho yake jua lilipotoka. Nasibu alipigilia vigingi, akavifunga kamba, na akaeleza mara moja tu: mfereji uanzie kwenye kona ya juu ya mto, ukatize katikati ya tambarare, upasue mgongo wa kilima, kisha mteremko utafanya uliobaki. Sehemu ya mwisho, pale maji yalipo, iachwe kama ukuta mpaka siku yenyewe. Wanaume walishika sururu na mitaimbo, wanawake wakabeba udongo kwa makarai, wazee wakapanga mawe kingoni. Hakuna aliyeimba. Ilikuwa mara ya kwanza Nasibu kuwasikia watu wa Unenwa wakifanya kazi kimya, na kimya kile kilikuwa kinatisha kuliko ngoma.

Siku ya pili askari wawili wakatokea. Walitazama, wakaandika, wakaenda. Siku ya tatu taarifa yao ikarudishwa kutoka Jumba la Maelezo ikiwa na maandishi mekundu: Katikati ya kisiwa hakuna watu. Nani anachimba? Rekebisheni. Wakarekebisha. Taarifa mpya ikasema hakuna anayechimba.

Siku ya tano Bwana Fumo akaja mwenyewe. Mfereji ulikuwa umeshaupasua mgongo nusu, na mnyapara wa wapiga mbizi na watu wake thelathini walikuwa wamepanda kutoka mjini kusaidia. Asubuhi hiyo vikapu vya machungwa vilibaki ufukweni. Bwana Fumo akasimama juu ya kifusi, viatu vimejaa udongo.

"Acheni mara moja!"

Sururu ziliendelea.

"Nasema acheni! Mnaharibu ardhi ya Dola Mlezi!"

Bi Kazija akatua karai, akajipangusa jasho. "Unasema na nani, bwana?"

"Nasema na nyie!"

"Sisi kina nani?"

Bwana Fumo akakung'uta udongo kwenye kiatu.

"Taja jina la mahali hapa tulipo na idadi yetu," akasema Bi Kazija, "uandike, utie sahihi, tutaacha hapo hapo. Kalamu hiyo mfukoni."

Mkono wa Bwana Fumo ulikwenda mfukoni. Ukagusa kalamu, ukakaa juu yake. Miaka ishirini na mbili alikuwa mlinzi wa sentensi ile: Sehemu ya kati haikaliwi na watu. Kiti chake, nyumba yake, heshima ya kupishwa njiani, vyote vilisimama juu ya maneno yale. Watu waliomzunguka walimngoja kwa dhati, wala hawakumdhihaki. Nasibu alisema baadaye kwamba kama bwana yule angeandika, mia tatu wale wangeziweka chini sururu zao, maana walichokuwa wanakitaka ni kile kile tangu mwanzo. Bwana Fumo akautoa mkono mtupu.

"Hakuna mtu hapa," akasema, na akashuka zake.

"Mmesikia?" Bi Kazija akawaambia watu. "Basi chimbeni."

Tarehe ishirini, saa tatu asubuhi, meli ya mashine ilikuwa imetia nanga mbele ya gati, mashine za njano zimefungwa minyororo sitahani. Kule juu ukuta wa mwisho ulikuwa umebaki wa kimo cha goti. Wazee walitaka Nasibu auvunje, kwa kuwa ndiye fundi. Akakataa, akampa Bi Kazija mtaimbo.

"Mie nimekunywa siku kumi. Wewe umekunywa maisha."

Alipiga mara nne. Mara ya tano udongo ukalegea, ukaondoka wenyewe, na mto ukageuka. Haukukimbia mwanzoni, uliingia mferejini ukinusa kama mnyama aliyefunguliwa zizi. Kisha ukaona mteremko.

Ulivuka tambarare, na pale kampuni ilipokuwa imepigilia vigingi vyake vya kupimia uwanja pakawa tope la kumeza gurudumu. Ulipita kwenye mgongo wa kilima, ukashika barabara kuu, mwekundu, umebeba majani na machungwa yaliyoanguka, ukaenda moja kwa moja mpaka gatini ukamwaga udongo pale pale meli zinapoegeshwa. Njiani ulipitia Jumba la Maelezo, kwa kuwa Jumba lilijengwa mahali pa chini ili liwe karibu na meli. Walinzi thelathini na moja walitoka wamekunja suruali. Kurasa hazikuharibika, zilikuwa juu ukutani, nyuma ya kioo, kavu kabisa, na chini yake viti vilikuwa vinaelea.

Nahodha alitazama kwa darubini siku ile na kesho yake. Hakukuwa na mahali pa kuteremsha mashine za tani kumi, na alipotuma mtu wake juu kukagua, akarudi na tope mpaka kiunoni, akasema eneo ni bwawa lenye kijiji. Siku ya tatu meli iling'oa nanga na mashine zake. Meli ambayo Nasibu aliamriwa apande ilifika na kuondoka pia. Yeye alikuwa Rasi, na watu wa kule walikuwa wanamwonyesha mahali wanapotaka mfereji wao upite.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa nane ya siku ile ile ya ishirini, Bwana Fumo alikuwa katikati ya barabara, maji yamemfika kwenye muundi, amemshika Bi Kazija, aliyeshuka na watu wake wakiyafuata maji, mkono wa sweta.

"Nitaandika," alikuwa anasema. "Mama, nisikilize. Naitisha kikao cha dharura, leo leo. Maneno sita, yale yale uliyoyataka. Yaingie hata ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Geuzeni tu haya maji kwanza. Niambie nianzeje sentensi!"

Bi Kazija aliutoa mkono wake taratibu.

"Andika ukipenda, bwana. Ni karatasi yako. Sisi tunarudi juu, kingo za mfereji zinataka mawe kabla ya mvua."

Akapanda zake, na watu mia tatu nyuma yake, chepe begani.

Bwana Fumo alibaki amesimama na kalamu yake. Kushoto kwake ghala la mapipa lilikuwa wazi na foleni haikuwapo. Kina mama wote wa mji walikuwa wametapakaa kingoni mwa barabara, wameinama, wanachota. Mmoja wao alikuja mpaka pale aliposimama yeye, pale maji yalipokuwa yamejikusanya safi kidogo. Bwana Fumo akatazama vizuri. Alikuwa mkewe, ndoo mkononi, amevaa koti la sufu ambalo mumewe hakujua kama alikuwa nalo.

"Mama watoto," akasema Bwana Fumo kwa sauti ya chini, "unachota nini?"

"Maji, baba watoto. Pisha."